Nilikuwa naokoka kila mkutano: jinsi nilivyokuja kupata amani na Mungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii nikimfikiria mtu mmoja, yule ambaye kila mhubiri akisema "nani leo anataka kumpokea Yesu, pita mbele" anapita, analia, anaongozwa sala ya toba, anarudi nyumbani mwepesi, halafu ikifika katikati ya wiki anajiona yuko palepale na anaanza kujiuliza hivi ile ya Jumapili ilishika kweli au kuna maneno nilikosea. Mimi nilikuwa huyo mtu kwa muda mrefu sana. Nimezunguka, nimetoa hela, nimeuza vitu vya ndani, na sitaki mwingine apite huko wakati jibu lipo wazi kabisa kwenye Biblia iliyo kabatini kwake.

Mimi mtu wa Bukoba, familia ya KKKT, yaani Walutheri, nimebatizwa mchanga na kipaimara nimepata. Waliopita darasa la kipaimara wanajua, tulikuwa tunakaririshwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, kila kipande na maelezo yake. Kwenye kipande cha tatu cha Imani anasema kwamba siwezi kwa akili zangu wala nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye ameniita kwa Injili. Niliyasema mbele ya mchungaji bila kukosea hata neno, nikavaa gauni jeupe, pilau ikapikwa, tukapiga picha. Maneno yakabaki kichwani tu. Nayataja mapema kwa sababu yalikuja kunifaa baadaye sana.

Nikaolewa, tukahamia Mwanza, nikafungua biashara ya vitenge. Akina mama wa mtaani wakaanzisha kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na wakanichagua mweka hazina, sababu waliyotoa ni kwamba huyu mama ni mtu wa kanisani. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo kwenye sanduku hakuna mtu angeweza kuchukua kitu. Lakini siku hizi mambo ni simu, mtu akisafiri au akibanwa haji kikaoni, anatuma marejesho yake kwenye laini ya mweka hazina, mimi nitoe kwa wakala nilete cash. Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia. Mzigo wa vitenge umefika, mtaji haujatosha, nikatumia ya mtu mmoja nikisema nitarudisha wiki ijayo. Kwenye kitabu cha mwanachama naandika amelipa, kwenye daftari kubwa siingizi, nangoja nipate. Nikapata nikafidia, nikachukua tena ya mwingine kubwa zaidi, na ikawa hivyo mpaka siku niliyokaa nikajumlisha vizuri nikakuta ni shilingi 1,840,000 za wanawake wenzangu, wengine wanauza dagaa, wengine mama ntilie, na hakuna anayejua.

Kitu cha kwanza kupotea hakikuwa hela, ni maombi. Nilikuwa nikifumba macho kuomba naona sura za wale akina mama. Kwaya nikaendelea kuimba, jumuiya naenda, sadaka natoa na nyingine nilikuwa natoa kubwa kupita uwezo wangu, ila nikibaki peke yangu nilikuwa namuogopa Mungu vile unavyomuogopa mtu unayemdai hataki kukuona... hapana, mtu anayekudai na unamkwepa barabarani. Kama uko hali hii sa hivi naomba unielewe, hiyo hofu siyo ugonjwa wala siyo pepo. Ni kwamba kuna kitu kati yako na Mungu na roho yako inakijua.

Lakini mimi nikaanza kuitibu kama pepo. Mkutano wa injili ukitangazwa viwanja vya Furahisha nipo, mhubiri akiita napita mbele. Sisemi vibaya kuhusu ile mikutano, watu wengi wamemkuta Yesu pale na wale wahudumu waliniombea kwa upendo kabisa, wengine walinipigia simu wiki nzima baadaye kuniuliza naendeleaje. Tatizo lilikuwa mimi nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa natafuta hisia. Nikilia sana najua nimesamehewa, nisipolia najua bado, na machozi yangu ndiyo yakawa kipimo cha kama Mungu amenipokea. Halafu kwenye sala ya toba nilikuwa nasema "nisamehe dhambi zangu zote", zote kwa ujumla, ile moja yenye tarakimu naikalia kimya.

Baadaye rafiki akanipeleka kwenye huduma fulani ambako waliniambia shida yangu ni laana ya ukoo, kwetu kuna madhabahu ya mababu inayonidai ndo maana sina amani. Wapendwa, nililia kwa furaha siku ile! Maana yake siyo mimi, ni mababu. Nikaambiwa kuna sadaka ya ukombozi, laki tatu, na mafuta ya kupaka mlangoni na dukani, na ikiisha hiyo kuna maombi ya hatua ya pili nayo yana sadaka yake. Niliuza cherehani yangu ya umeme na friji nikamdanganya mume wangu kwamba imeharibika kabisa nimempa fundi. Nilipouliza mbona bado nasikia hofu nikajibiwa imani yako ndogo, ongeza mbegu, yaani toa sadaka nyingine. Jirani yangu aliyekuwa anakwenda palepale alishauriwa aache dawa za presha ili aonyeshe imani, akaacha, akaanguka jikoni kwake, na mpaka leo mkono mmoja hauna nguvu. Hapo ndipo nikaacha kwenda, ila sikuacha kwa sababu nimeelewa, niliacha kwa sababu ya woga.

Kwa hiyo hii niiseme hapahapa maana ndiyo iliyonigharimu zaidi. Mtu akikuwekea bei kwenye msamaha wa Mungu, hata aiite mbegu, hata aiite shukrani ya mapema, ondoka. Matendo ya Mitume sura ya 8 kuna mtu anaitwa Simoni alileta fedha kwa mitume apewe ile nguvu, Petro akamjibu "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali". Na dawa za hospitali usiache kwa neno la mtu yeyote, daktari ndiye wa kuulizwa.

Mambo yalibadilika kwenye msiba. Mjomba alifariki, nikapanda meli kwenda Bukoba kuzika, na baada ya watu kutawanyika nikabaki siku kadhaa kwa shangazi yangu mkubwa. Shangazi ni mtu wa Uamsho, wale wazee wa wokovu. Kwa wasiojua, Uamsho ulianza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, kwenye kanisa la Anglikana, ukaenea Uganda, ukaingia kwetu Kagera, ukafika Kenya na sehemu nyingine za nchi yetu, ndo ule wenye wimbo wa Tukutendereza Yesu ambao unaimbwa mpaka leo. Hawa watu hawakuanzisha makanisa yao, walibaki kwenye makanisa waliyobatizwa, ila walikuwa na tabia moja ya kuungama kwa majina. Bibi yangu alipookoka alirudisha shuka na vikombe alivyochukua kwa mzungu aliyekuwa anamfanyia kazi, alitembea navyo kichwani mchana kweupe, hii hadithi tumekua tukiisikia na tulikuwa tunacheka.

Tuko jikoni tunamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, shangazi akaniuliza, bila kuniangalia, "Mwanangu, una amani na Mungu?" Nikamwambia shangazi mimi nimeokoka, nikamtajia mkutano. Akasema sijakuuliza umeokoka wapi, nimekuuliza una amani? Nikashindwa kujibu. Nikaanza kumweleza ya laana ya ukoo na ile sadaka niliyotoa. Akaweka kisu chini, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kitu nitakisema kadiri ninavyokumbuka.

Alisema, baba yako na baba yako mdogo walikosana kwa mpaka wa kibanja mkiwa wadogo, miaka mingi hawasalimiani, unakumbuka ilivyoisha? Nilikuwa nakumbuka kidogo. Akasema aliyekosewa alikuwa baba yako, mti wa mpaka ulisogezwa kuingia kwake, ushahidi upo. Na ni yeye aliyebeba pombe na ndizi akaenda kupiga hodi kwa mdogo wake, akasema kile kipande nimekiacha, mimi namtaka ndugu yangu. Mdogo wake alichofanya ni kufungua mlango. Akanyamaza kidogo akasema, sasa wewe unadhani Mungu ndiye amekaa ndani amenuna na wewe ndiye unatafuta zawadi ya kumtuliza, umezunguka Mwanza nzima unatafuta zawadi, wakati Yeye ndiye aliyekosewa na Yeye ndiye aliyekuja, na gharama amelipa Yeye, msalabani. Soma Wakorintho wa pili, sura ya tano.

Nikasoma usiku. Mstari wa 20, "twawaomba ninyi kwa ajili ya Kristo mpatanishwe na Mungu." Nilikuwa nimeusikia huo mstari mara nyingi ila sikuwahi kuona kwamba anayeomba hapo ni Mungu. Nikaenda Warumi 5, nikakuta tulipatanishwa "tulipokuwa adui", yaani siyo baada ya kutengenezeka, siyo baada ya kulia vya kutosha. Halafu Waefeso 2:8, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", na kwamba haikutokana na nafsi zetu, ni kipawa cha Mungu. Na hapo ndipo yale maneno ya kipaimara yakaja yenyewe, siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu. Nikakaa kitandani nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, yale ya mtoza ushuru kwenye Luka 18, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", nikataja kikoba, nikataja kiasi, nikataja majina ya wale akina mama. Nikamwambia Bwana Yesu sina cha kuleta, nakuamini wewe ulivyofanya. Sikulia. Sikusikia moto wala baridi. Nililala, na kulala kwenyewe kulikuwa kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau.

Asubuhi nikamuuliza shangazi kama inabidi nibatizwe upya kwa maji mengi, maana kule Mwanza nilishaambiwa ule wa utotoni si ubatizo. Najua wapendwa wengi wana msimamo wao hapa na siji kubishana nao. Yeye alinijibu hivi, ubatizo wako hauna kasoro, Mungu alishasema neno lake juu yako pale, wewe ndiye ulikuwa hujaamini alichosema. Kwangu iliisha hapo.

Niongeze kitu kuhusu Luther, maana tulikariri maneno yake bila kufundishwa maisha yake. Alikuwa mtawa, anafunga, anakesha, anaungama kwa masaa mpaka mlezi wake wa kiroho anachoka, na bado alikuwa anamuogopa Mungu kama nilivyokuwa mimi. Mwaka 1517 alipotoa zile hoja zake kule Wittenberg, Ujerumani, kilichomchoma ni kwamba watu maskini walikuwa wanauziwa vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi. Nilipojua hilo nilikaa nikafikiria cherehani yangu. Na isiwe kwamba nawasema Wakatoliki, kwetu Bukoba nusu ya ukoo ni Wakatoliki, na mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kule Augsburg wakikubaliana kwamba mtu anapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa kuamini kazi ya Kristo na siyo kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wanaouza msamaha siku hizi wako mitaani kwetu na hawana dhehebu moja.

Sasa kurudi Mwanza. Shangazi aliniambia jambo moja la busara sana ambalo naliomba ulishike, usiende kuungama mbele ya kundi kabla hujamwambia mtu mmoja mkomavu, na kwenye kuungama kwako usitaje dhambi ya mtu mwingine. Nilianza na mume wangu. Alikasirika kuliko nilivyotegemea, zaidi kwa uongo wa friji kuliko hela za kikoba, na kwa muda tulikuwa tunaongea ya lazima tu. Kisha nikaenda kwa mchungaji, akanisikiliza, akaniombea, akanitamkia msamaha kwa jina la Yesu, halafu akaniambia twende kwa mwenyekiti wa kikoba, nitakusindikiza. Mwenyekiti alibaki ananiangalia. Nilikuja na orodha niliyoandika mwenyewe, jina, tarehe ya muamala, kiasi, nikiwa nimetoa kumbukumbu kwenye meseji za simu. Hiyo orodha ilisaidia sana, usiende kuomba msamaha wa hela bila hesabu, watu watadhani unaficha nusu.

Kikao chenyewe kilikuwa kigumu na sitakipamba. Kuna waliolia, kuna aliyenitukana na alikuwa na haki, kuna aliyesema twende polisi, na mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba wakiamua polisi naenda. Mwishowe wakaamua nivuliwe uongozi, hisa zangu zote zikatwe kwenye deni, na kilichobaki nilipe kila kikao mpaka kiishe. Nililipa kwa kuuza vitenge kwa bei ya kumaliza na kwa kufanya kazi ya kushona kwa mtu mwingine, kwenye cherehani ya mtu mwingine. Wateja wengine walinikimbia. Watu wa kwaya wengine walianza kunong'ona, nikakaa nje ya kwaya kwa muda, mchungaji alishauri hivyo na ilikuwa sawa.

Na kinachonishangaza mpaka leo, katika kipindi chote hicho cha aibu nilikuwa na amani na Mungu, nilikuwa naomba kama mtoto anaongea na baba yake. Zamani nilikuwa na jina zuri mtaani na siwezi kufumba macho kuomba.

Kuna siku hofu ilirudi. Inarudi wapendwa, msidanganyike. Nilijifunza kutofautisha. Roho Mtakatifu akinihukumu anataja jambo, ulimjibu vibaya mumeo jana, nenda kaombe radhi, na nikienda linaisha. Ile nyingine haitaji kitu, inasema tu wewe ni mwizi na Mungu amekuchoka. Kwa hiyo ya pili nafungua Warumi 8:1, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu", nasoma kwa sauti hata kama sijisikii kitu, kwa sababu ukweli wake haumo ndani ya hisia zangu. Na nikianguka sirudi kuanza kuokoka upya, naenda 1 Yohana 1:9, naungama hilo jambo kwa jina lake, nasonga. Ukipata watu wawili watatu wa kuombeana ambao unaweza kuwaambia ukweli, washike hao, wana faida kuliko mkutano mkubwa ambao hakuna anayekujua.

Watu nikiwasimulia huwa wananiuliza, je kama usingeweza kulipa, usingekuwa umeokoka? Nawajibu kwa watu wawili walioko kwenye Luka. Yule mhalifu msalabani hakurudisha chochote, mikono yake ilikuwa imepigiliwa, akaomba akumbukwe na Yesu akamwambia leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Zakayo yeye alikuwa na mali na Yesu ameshaingia nyumbani kwake, ndipo akasimama akasema kama nimemnyang'anya mtu namrudishia mara nne. Hakulipa ili Yesu aje. Mimi nilikuwa na afya na duka, na wale niliowachukulia nilikuwa nakutana nao kila siku, sasa ningesemaje kwamba nina amani na Mungu halafu niwaache na hasara?

Deni lilishaisha. Wengi tulishasameheana, na mwenyekiti ndiye siku hizi ananiletea wateja. Ila mama mmoja hajanisamehe, hela yake ilikuwa ya ada ya kijana wake chuo cha ufundi, na kijana alikaa nyumbani muhula mzima kwa ajili yangu. Nimemlipa hela yote lakini ule muhula siwezi kuurudisha. Kuna dada wa kanisani alitaka kumpelekea mistari ya kusamehe nikamkatalia kabisa. Sokoni namsalimia, akiitika sawa, asipoitika sawa, namuombea kwa jina, na ikitokea shughuli kwake natuma mchango kwa mwenyekiti kama jirani mwingine yeyote.